Kwa nini korosho ya Kusini bado inapanda meli ikiwa na ganda lake

Ruvuma_Chini

Wakuu, salaam.

Mijadala ya ukoloni mamboleo humu ndani huanza na majina ya marais na mabeberu, na huishia kwenye matusi. Naomba leo tukae na zao moja tu: korosho ya Mtwara, Lindi, Tunduru na Pwani. Karo yangu ilitoka kwenye mikorosho ya babu mzaa mama kule Newala, na jambo hili linaniuma kila msimu unapofunguliwa.

Nianze na hoja yenyewe. Mkulima wa korosho anajua vizuri kabisa thamani ya alichonacho. Anapunjwa kwa sababu hawezi kusubiri, wakati mnunuzi anaweza kusubiri. Mwenye pesa za kukaa miezi 6 bila kununua ndiye anayepanga bei. Na mkulima, chama chake cha msingi, hadi taifa zima, wote wamewekwa mahali ambapo kusubiri ni gharama wasiyoweza kuibeba. Hali hiyo imejengwa, tena kwa hatua zinazoonekana ukifuatilia historia ya zao hili.

Mkorosho ulikuja na Wareno kutoka Brazili katika karne ya 16. Biashara yenyewe ilipata mpangilio enzi za Mwingereza. Korosho ghafi ilikusanywa na wenye maduka, ikashuka pwani, ikapanda majahazi na meli hadi Kollam, kule Kerala. Wanawake wa huko waliibangua kwa mkono kwa ujira mdogo sana, kisha kiini kikaenda kuliwa Marekani na Ulaya. Tazameni mgawanyo wa kazi katika dola moja: Tanganyika inaokota, India inabangua, tajiri anakula. Hakuna aliyefikiria kujenga kiwanda Lindi, na kwa hesabu za wakati ule hakuwa na sababu, maana makuli na wabanguaji walikuwa tayari kwingine.

Kusini ilipojengewa kitu, kilijengwa kwa ajili ya haja ya mtu mwingine. Mwaka 1947 Waingereza walitaka mafuta ya kula baada ya vita, wakaanzisha mradi mkubwa wa karanga, na Nachingwea ikawa mojawapo ya maeneo yake. Ikajengwa bandari ya Mtwara, ikatandikwa reli hadi Nachingwea. Karanga zikashindikana, mradi ukafutwa mwaka 1951, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikang'olewa. Kwa wasiojua: hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi ulikuwa unavuka mto Rufiji kwa kivuko. Mvua ikikolea, unalala njiani na mzigo wako. Sasa mwambie mtu wa aina hiyo ashindane na kiwanda cha Kerala.

Baada ya uhuru tulijaribu, na hili lazima lisemwe kwa heshima, kwa sababu vijana wengi wanadhani wazee hawakuwaza viwanda. Waliwaza. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi ilikuwa na viwanda 12 vya kubangua, vyenye uwezo wa zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Mitambo ilitoka Italia na Japani. Fedha nyingi zilikuwa mkopo wa Benki ya Dunia.

Shida ilianza hapo hapo. Msimu wa 1973/74 tulivuna karibu tani 145,000. Wakati viwanda vinakamilika, mavuno yalikuwa yanaporomoka, na katikati ya miaka ya 1980 yalishuka chini ya tani 20,000. Mitambo ile ilibuniwa kumeza mzigo mkubwa bila kusimama, na ilikuwa inavunja viini vingi mno, na kiini kilichovunjika bei yake ni ndogo. Kipuri kikiharibika, kinataka fedha za kigeni ambazo nchi haina. Lakini mkopo haukusubiri. Deni linalipwa kwa dola, kiwanda kiwe kinazunguka au kimekaa kimya.

Kisha ikaja miaka ya 1990, soko likafunguliwa, viwanda vikaja kuuzwa kwa bei chee. Kuna majengo ambayo mpaka leo ukiingia unakuta magunia ya ghafi yamepangwa hadi juu. Jengo tulilokopa ili tubangulie likawa ghala la kuweka korosho inayosubiri meli.

Nitaendelea na upande wa mkulima, ila nasikiliza kwanza.

Mchambuzi Huru

Mkuu, uzi mzuri lakini umeruka kitu kimoja makusudi. Mavuno yaliporomoka kwa nini? Operesheni Vijiji haikuletwa na Mwingereza wala Benki ya Dunia. Watu walihamishwa wakaacha mikorosho yao kilomita nyingi nyuma, vichaka vikaota chini ya miti, moto ukapita. Bei aliyopewa mkulima na mamlaka yetu wenyewe ilikuwa ya kukatisha tamaa. Tukisema kila kitu ni mkoloni tunawapa nafasi ya kupumua waliotuharibia hapa hapa.

Ruvuma_Chini

Ndugu Mchambuzi, hapo uko sahihi, na uongeze ubwiriunga, ugonjwa uliofunika maua ya mikorosho hadi watafiti wa Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo Mtwara, walipoonyesha kwamba salfa inaudhibiti. Mkulima aliyelipwa kiduchu hakuwa na sababu ya kurudi umbali wote ule kupalilia.

Ila tuvuke mto Ruvuma. Msumbiji mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa inaongoza duniani kwa korosho, zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Ikaja vita, uzalishaji ukaanguka, lakini viwanda vya kubangua vilibaki na serikali ikavilinda kwa kutoza ushuru ghafi inayouzwa nje. Katikati ya miaka ya 1990 Benki ya Dunia ikaweka sharti: punguzeni ushuru huo, acheni ghafi itoke, mkulima atapata bei nzuri. Msumbiji ilikuwa inatoka vitani, bajeti yake inategemea wafadhili. Ingekataa vipi?

Viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine, maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wanawake, wakarudi nyumbani. Wachumi watatu, Margaret McMillan, Dani Rodrik na Karen Horn Welch, walipiga hesabu mwaka 2002 kuona mkulima alipata nini. Faida kwa kaya ya wastani inayolima korosho ilikuwa takriban dola 5.30 kwa mwaka. Kwa mwaka mzima! Na faida ya nchi kwa ujumla ilimezwa kwa kiasi kikubwa na hasara ya waliopoteza kazi mijini. Baadaye bunge la Msumbiji likaja kupandisha ushuru tena, ila kiwanda kilichokwisha kufungwa hakifunguki kwa kupitisha sheria.

Kwa hiyo makosa ya ndani yapo na tuyataje kwa majina yake. Lakini nchi tajiri ikikosea sera ya kilimo inasahihisha mwaka unaofuata. Sisi tukikosea tunakuta mlangoni amekaa mtu mwenye hundi na masharti, na kosa la miaka 5 linatugharimu miaka 30.

MamaSalma_Lindi

Kaka, mimi nizungumzie hiyo ya kusubiri, maana ndiyo maisha yetu. Watu wa mjini wakisikia kangomba wanadhani ni wizi wa usiku. Kangomba anakuja mchana, tena anakuja kwa upole. Anakuja Juni, Julai, wakati wa kupulizia dawa. Nyumbani unga umekwisha, mtoto anatakiwa shule, salfa haijanunuliwa. Anakupa pesa kidogo au kiroba cha unga, mnakubaliana utamlipa korosho zikianguka, na bei ni ya kwake. Oktoba mnada unatangaza bei kubwa, wewe unasikia redioni tu, mzigo si wako tena. Serikali imekataza, polisi wanakamata, lakini njaa ya Julai haijakamatwa.

Sisi ni kikundi cha akina mama, tunabangua kwa mashine ndogo za mkono. Mafuta ya ganda yanachubua vidole, tunajipaka majivu na bado yanachoma. Kazi tunaiweza na wateja tunao. Kinachotushinda ni kwamba mnada ukifunguliwa, wakubwa wanabeba ghafi yote kwa wiki chache. Sisi hatuna pesa ya kununua tani za kutumia mwaka mzima. Februari tunakaa bila kitu cha kubangua, tukiwa katikati ya mikorosho.

Ruvuma_Chini

Dada, umeeleza kwa mistari michache kitu ambacho mimi ningekizungusha kurasa nzima. Naomba wote msome tena sehemu ya mwisho ya MamaSalma.

Kubangua ni biashara ya mtaji unaokaa. Ghafi inavunwa ndani ya miezi michache, Oktoba hadi Januari hivi, lakini kiwanda kinatakiwa kufanya kazi miezi 12. Maana yake lazima ununue mzigo wa mwaka mzima kwa mpigo na kuukalisha ghalani. Hapa kwetu riba ya mkopo wa biashara inazunguka 15% hadi 16%, na kwa mjasiriamali mdogo inapanda zaidi. Anayekopa nje kwa riba ndogo kuliko hiyo ameshakushinda kabla mashine haijawashwa. Ndiyo maana nasema suala ni nani anaweza kusubiri.

Katika kila kilo 100 za ghafi unapata kilo 20 hadi 25 za kiini. Kilichobaki, karibu robo tatu ya mzigo, ni ganda. Tunalipa nauli ya kusafirisha maganda kuvuka bahari ya Hindi! Na ganda hilo nalo lina mafuta yanayotumika kutengeneza breki za magari na rangi. Hata kipimo cha ubora wa korosho yetu kinahesabiwa kwa ratili za kiini katika gunia la kilo 80. Mnunuzi hapimi ganda, anacholipia ni kiini peke yake, ila kazi ya kukitoa na faida yake amejiwekea kwao.

Kaka Bandari

Mtoa mada, 2018 je? Serikali iliamua kusubiri kwa niaba ya wakulima, jeshi likaingia. Mimi nilikuwa Mtwara. Nilifurahi siku ile, sitaficha.

Ruvuma_Chini

Hata mimi nilifurahi, na ndugu zangu wote walifurahi. Ngoja nilieleze kwa utulivu, kwa sababu linasemwa kwa ushabiki upande huu na upande ule.

Msimu wa 2017/18 ulikuwa wa neema: zaidi ya tani 310,000, na bei ikapita shilingi 4,000 kwa kilo. Oktoba 2018 minada ikafunguliwa, wanunuzi wakaja na bei chini ya 3,000. Wakulima wa Tandahimba na Newala wakakataa kuuza. Huo ulikuwa ujasiri mkubwa, watu wasio na akiba kukataa pesa iliyo mezani. Novemba Rais Magufuli akatangaza serikali itanunua yote kwa shilingi 3,300, malipo kupitia Benki ya Maendeleo ya Kilimo, na JWTZ wakasomba mzigo.

Kulikataa soko ni hatua ya kwanza. Ya pili ni kuwa na mahali pa kuupeleka mzigo. Viwanda vya kubangua vilivyokuwa vinafanya kazi havikuweza kumeza hata sehemu ndogo ya mavuno yale. Maghala yakajaa. Mkataba na kampuni moja ya Kenya, wa kununua tani 100,000, ukavunjika. Bei ya dunia nayo ilikuwa inashuka. Malipo yakachelewa, na waliokuwa na zaidi ya kilo 1,500 wakaambiwa wahakikiwe mashamba kwanza. Kuna familia ziliingia msimu mpya wa dawa bila kulipwa za msimu uliopita, na aliyezipokea kwa mikono miwili ni kangomba.

Na kabla ya hapo, Juni 2018, kulifanyika jambo ambalo kwangu ni baya kuliko yote. Ghafi inayouzwa nje hutozwa ushuru wa 15% ya thamani yake au dola 160 kwa tani, kipi ni kikubwa. Sehemu ya 65% ya ushuru huo ilikuwa inarudi kwenye zao: pembejeo, utafiti, ubanguaji. Bunge likabadili sheria, fedha zote zikaenda Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa Kusini walipinga hadi jasho likawatoka, wakashindwa. Salfa ya bure ikakatika. Msimu wa 2022/23 tulikuwa chini ya tani 200,000. Fedha ile ndiyo ingekuwa akiba yetu ya kusubiria, na tuliitumia wenyewe kwa mambo mengine. Hapo Mchambuzi Huru ananidai, na namlipa.

Mtu wa Likasi

Jambo wandugu. Miye ni wa huku Katanga, Kongo. Nasoma naona ni habari ya kwetu kabisa. Siku tatu tu mbele ya uhuru, tarehe 27 Juni 1960, Wabeljiji walivunja Comité Spécial du Katanga, ile iliyokuwa na hisa za nguvu ndani ya Union Minière, kampuni kubwa ya kuchimba shaba, na Kongo ikapata uhuru bila kushika sauti kubwa mu kampuni iliyokuwa inalisha inchi. Leo kobalti inatoka huku kwa sehemu kubwa sana ya dunia, karibu 70%, na inakwenda kusafishwa Chine.

Lakini mwaka 2025 serikali ilisimamisha kuuza kobalti inje kuanzia Februari, kisha Oktoba ikaweka kiasi kwa kila kampuni. Bei ilipanda zaidi ya mara mbili mbele ya mwaka kuisha. Tuliweza kungoja, na dunia ikasikia. Mchimbaji wa mkono yeye hakupata kitu miezi yote ile, hilo pia niliseme.

Ruvuma_Chini

Ndugu wa Likasi, karibu sana. Mfano wako unanipa nguvu na unanipa tahadhari. Kongo iliweza kwa sababu mbili: dunia haina kwingine pa kwenda kwa wingi ule, na kobalti haiozi. Korosho ikikaa kwenye ghala lenye unyevu kiini kinabadilika rangi na bei inaporomoka. Tena Kodivaa peke yake sasa inavuna tani milioni 1 au zaidi kwa mwaka. Tukigoma sisi tu, meli zinaelekea Abidjan.

Na umesema la mchimbaji mdogo. Serikali ikisubiri kwa niaba ya watu bila kuwapa cha kula wakati wa kusubiri, wanaolipa gharama ni wale wale.

Mchambuzi Huru

Basi nijibu hili la mwisho. Vietnamu ilitawaliwa na Ufaransa, ikapigwa mabomu na Marekani, na leo inanunua korosho zetu. Imekuwaje mtawaliwa mwenzetu awe bwana?

Ruvuma_Chini

Swali hili nililitaka.

Vietnamu ilianza kama sisi, ikiuza ghafi kwa India. Kisha ikawekeza kwenye kutengeneza mashine zake yenyewe za kukata ganda na kumenya, mashine ambazo kipuri chake kinachongwa kwao kwao. Mwaka 2006 iliipita India kwa kuuza kiini duniani. Sasa inabangua kuliko inavyolima, na ghafi inaifuata kutoka Afrika na Kambodia. India yenyewe inajilinda bila haya: ghafi inaingia kwa ushuru mdogo, ila ukipeleka kiini kilichobanguliwa unakutana na ushuru mkubwa na bei ya chini iliyowekwa kisheria. Yaani milango imefunguliwa kwa jasho letu na imefungwa kwa kazi yetu. Siwalaumu, wanalinda ajira za akina mama wa Kerala, wale wale ambao bibi zao walibangua korosho zetu enzi za Mwingereza. Naumia kwamba Msumbiji ilipofanya hivyo hivyo iliambiwa inavuruga soko.

Kwa hiyo mnyonyaji wa leo hana rangi moja. Nafasi aliyoiacha mkoloni, ya kupokea ghafi na kubaki na kazi, inaweza kukaliwa na yeyote aliyejipanga. Sisi bado tumekaa kwenye ile tuliyopangiwa.

Na tuna silaha moja ambayo hatuitumii. Korosho ya Afrika Magharibi, India na Vietnamu huvunwa kuanzia Februari hivi. Yetu inatoka Oktoba, wakati maghala ya viwanda vyao yamepungua. Kuanzia Oktoba hadi Desemba, wanaotuhitaji ni wao. Ndiyo miezi ambayo mkulima wetu amefilisika kuliko yote, amemaliza kupulizia dawa, anadaiwa kila kona, na anauza siku ya kwanza. Tukitengeneza mkopo wa Juni wenye riba ya kibinadamu kupitia AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, dhamana yake ikiwa stakabadhi ghalani, ile risiti ya mzigo uliowekwa ghalani, kangomba anakosa mteja na chama kinaweza kusema "mnada wa wiki hii hatuuzi" bila mtoto wa mtu kurudishwa nyumbani kutoka shule.

MamaSalma_Lindi

Na sisi wabanguaji wadogo? Msimu wa 2024/25 tuliambiwa zimevunwa zaidi ya tani 500,000. Bado Februari tulikaa bure.

Ruvuma_Chini

Dada, hilo ndilo ningepeleka kwa mbunge wangu kabla ya kongani la Maranje, lile eneo la viwanda vya korosho kule Mtwara, ingawa kongani nalo nalitakia heri. Kabla mnada wa kwanza haujafunguliwa, kitengwe kiasi cha ghafi kwa wabanguaji wa ndani, kikae ghala la chama, na vikundi vyenu vichukue kidogo kidogo vikilipa kadiri vinavyouza kiini. Ushuru wa ghafi ubebe riba ya hapo katikati. Kwa tani 300 za vikundi vya wilaya moja, hiyo ni sehemu ndogo mno ya kinachokusanywa bandarini kila msimu.

Nitumie ujumbe mkiwa tayari, niandike barua ya kikundi kwenda halmashauri. Mniambie mnabangua kilo ngapi kwa siku na mnakosa ghafi kuanzia mwezi gani, tuziweke namba zenu wenyewe humo ndani.